Neno "forward" kwenye fasihi ya Kiingereza: mwongozo kamili wa kulisoma na kulitafsiri bila kuumbuka

Kuna siku nilikua natafsiri kipande cha riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19, shangazi mmoja kwenye stori anamlalamikia binti wa jirani kwamba ni "a forward girl", mi bila hata kujiuliza nikaandika "msichana mwenye maendeleo" nikafunga faili nikaenda kulala. Aliekua anapitia kazi yangu akacheka mpaka akaweka kalamu chini, alafu akaniuliza kitu kimoja tu: kama ana maendeleo, sasa shangazi kanuna nini?

Tangu hapo nikaanza kulifuatilia hili neno kama mtu anaemfuatilia mdeni wake. Ni neno dogo, kila mtu analijua, tena tumeshalifanya la kwetu, mpirani tuna fowadi na kwenye simu tunafowadi meseji, na hapo ndo ubaya ulipo kwasababu neno unalolijua sana hulikagui. Kwenye fasihi "forward" linaweza kua amri ya vita, tusi la kistaarabu, ua lililochanua kabla ya wenzake, upande mmoja wa meli, au kifo. Zote hizo. Na katika yote hayo swali la kuuliza ni lilelile: mbele ya NANI? Yani anaesema kasimama wapi na uso wake unaangalia wapi. Ukilishika hilo swali, robo tatu ya kazi imeisha, zilizobaki ni hatua za kulitumia, ndo hizi.

Hatua ya 1: lipasue neno kabla hujalisoma

"Forward" ni vipande viwili, "fore" yani mbele, na "-ward" yani kuelekea. Kiingereza cha kale waliandika foreweard. Hicho kipande cha mwisho kina ukoo mkubwa, toward, backward, homeward, upward, na ukishajua kazi yake unaanza kuwaelewa waandishi wanapokichezea. Samuel Beckett mwaka 1983 alitoa kitabu chembamba akakiita Worstward Ho, yani kuelekea kubaya kuliko kote haya twende, anakejeli jina la riwaya ya zamani ya Charles Kingsley ya mwaka 1855, Westward Ho!, ambayo wao walikua wanaelekea magharibi kutafuta utajiri. Kabadilisha herufi chache tu, safari yote imegeuka.

Sasa kuna mtego hapa wa kuangalia sana. Ukisoma Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, au Shakespeare, utakutana na neno "froward". Sio kosa la uchapaji! Usilirekebishe! Hilo limetokana na "fro", ileile ya kwenye "to and fro", yani kutoka, kwenda kando. Kwahiyo froward ni mtu anaekwenda kinyume na alichoambiwa, mkaidi, mbishi. Mithali 16:28 inasema "a froward man soweth strife", mtu mkaidi anapanda ugomvi, na ukisoma haraka ukaona forward utadhani mtu anaejituma ndo anapanda ugomvi. Na Shakespeare kwenye The Taming of the Shrew anaziweka toward na froward pamoja kama mapacha waliogombana, mmoja msikivu mwingine haambiliki.

Hatua ya 2: liulize linafanya kazi gani kwenye sentensi

Hii ni ya haraka ila watu wanairuka. Angalia kama neno linaelezea kitendo, linaelezea mtu au kitu, au lenyewe ndo kitendo.

Likielezea kitendo, "he walked forward", hapo mara nyingi ni mbele tu, kasogea mbele. Ila kuwa makini na yale yaliyoshikana na kitenzi kiasi kwamba maana imehama kabisa: "come forward" kwenye riwaya ya upelelezi ni kujitokeza, shahidi kajitokeza, hajatembea popote pengine kapiga simu tu. "Put forward" ni kutoa hoja au kupendekeza jina la mtu. "Look forward to" ni kusubiri kwa hamu, na ukiandika "aliangalia mbele kwa harusi" basi msomaji wako atadhani bwana harusi ana tatizo la shingo.

Likiwa lenyewe ndo kitendo, kwenye riwaya za zamani kuna maana mbili. Moja ni barua, "to forward a letter", mtu kahama, barua imefika alipokua anakaa, mwenye nyumba anaituma iende alikohamia. Hiyo sio kufowadi ya siku hizi, kwasababu ukifowadi meseji we unabaki na yako na watu 50 wanapata nakala, ila barua ikishatumwa mbele imeondoka, na ikipotea njiani imepotea, na waandishi wa zamani wamejengea visa vizima juu ya hilo. Andika "akaipeleka barua ile alikohamia" imetosha. Maana ya pili ni kuendeleza jambo la mtu, "to forward his interests", kumsukumia mambo yake yaende, mara nyingi kuna mjomba mwenye pesa anaefanya hivo kwa sababu zake.

Likielezea mtu au kitu, simama kabisa, hapo ndo pazito, tutafika hatua ya 4.

Hatua ya 3: tafuta mbele ni ya nani

Mfano wa kufundishia hapa ni shairi la Alfred Tennyson, The Charge of the Light Brigade, la mwaka 1854. Ila kabla ya shairi anza na tukio lenyewe, kwasababu tukio lenyewe ni somo la neno mbele.

Tarehe 25 Oktoba 1854, vita ya Krimea, mapigano ya Balaclava. Kamanda wa Waingereza, Lord Raglan, yuko juu kilimani anaona bonde zima, anaona Warusi wanataka kuondoka na mizinga waliyoiteka. Anatuma kikaratasi kwa wapanda farasi walioko chini bondeni, kinasema waende upesi "to the front" wazuie adui asichukue mizinga. Mbele! Sasa aliekua chini, Lord Lucan, haoni anachokiona bosi wake wa kilimani, vilima vimemkinga, mizinga anayoiona yeye ni ile iliyoko mwisho wa bonde na imeelekezwa kwake. Aliebeba kikaratasi, Kapteni Nolan, alipoulizwa mizinga ipi akanyoosha mkono kwa hasira. Wakaenda. Wanaume zaidi ya 600 juu ya farasi wakaingia bonde lenye mizinga pande tatu, na zaidi ya 100 wakafa. Wote walikubaliana kwenda mbele, ila mbele ya Raglan na mbele ya Lucan zilikua mbele mbili tofauti.

Sasa chukua shairi. Tennyson anaanza na "onward", nusu ligi, nusu ligi, nusu ligi kusonga (ligi moja ni maili 3, kwahiyo nusu ni maili moja na nusu, ila mdundo wake ndo muhimu maana unasikia kwato). Alafu inakuja amri, "Forward, the Light Brigade!", inakuja tena ubeti wa pili, na hapohapo ubeti wa pili anatuambia wanajeshi walijua kuna mtu kakosea. Baada ya hapo amri hairudi tena, hata mara moja. Kinachorudi ni mizinga, na angalia hii kwa ukaribu kabisa: ubeti wa tatu mizinga iko kulia kwao, kushoto kwao, "in front of them". Ubeti wa tano ni kulia, kushoto, "behind them". Neno moja tu limebadilika, na katikati ya hizo beti mbili ndo kuna mstari wa wao kurudi, wakiwa sio mia sita tena. Mbele imekua nyuma. Hajasema wamegeuka wanakimbia na risasi mgongoni, kageuza kielezi kimoja cha mahali basi.

Ukitafsiri amri ile usiandike "endeleeni mbele" kama mwenyekiti wa kikao. Kiswahili tuna amri yetu ya gwaride, "mbele tembea!", shida yake ni kwamba hiyo ni ya miguu na hawa wako juu ya farasi. Mi ningebaki na "Mbele!" peke yake, ifuatwe na jina la kikosi. Fupi, kavu, haina maelezo, na hiyo ndo sababu iliua watu.

Ukimaliza hapo nenda kwa Lewis Carroll, Through the Looking-Glass, ya mwaka 1871, ambayo ni mchezo wa swali hilihili. Alice kaingia dunia ya ndani ya kioo, anataka kumfikia Malkia Mwekundu, akimfuata moja kwa moja anampoteza, ua linamshauri atembee upande wa pili, akigeuka akaenda kinyume anakutana nae uso kwa uso. Kwenye kioo mbele ni nyuma. Humo kuna Malkia Mweupe pia anaekumbuka mambo ya wiki ya baada ya ijayo, na anamshangaa Alice kwamba kumbukumbu inayorudi nyuma tu ni kumbukumbu dhaifu.

Hatua ya 4: likielezea mtu, fikiria kimbelembele na kuwahi kwa pamoja

Hapa ndo nilipoangukia mimi. "Forward" kwa mtu lina maana ya kujitanguliza, kujiweka mbele kuliko unavyotakiwa na wenye nafasi yao. Na Kiswahili kina neno lililozaliwa kwenye mbele hiyohiyo: kimbelembele. Yani sijui kama kuna lugha nyingine imelipatia neno hili kiulaini hivi. "She was thought forward", alionekana ana kimbelembele, umemaliza, shangazi ana haki ya kununa.

Ila usilitupie kila mahali, pima nani anaambiwa. Kwenye riwaya za karne ya 18 na 19 msichana akiitwa forward mara nyingi kosa lake ni dogo sana, kaongea kwanza kabla ya kuongeleshwa, kamwangalia mwanaume usoni, kaomba kucheza. Mwanaume kwenye vitabu hivohivo akiwa forward vitani anasifiwa. Kwahiyo kwa mwanaume unaweza kuhitaji "shupavu" au "wa kwanza kujitoa" na kwa mwanamke "kimbelembele" au "kiherehere", na tofauti hiyo sio ya kwako wewe mtafsiri, ni ya jamii iliyoko kitabuni, we usiifiche. Angalia pia ni nani anaesema, kama ni msimulizi mwenyewe au ni mhusika mwenye wivu, maana mwandishi mjanja anamwachia mhusika alitaje hilo neno ili tumjue huyo mhusika, sio msichana.

Maana ya pili ya mtu au kitu kuwa forward ni kuwahi. Mtoto aliewahi akili, mazao yaliyowahi, ua lililochanua kabla ya msimu. Wakulima wa Kiingereza walilitumia hivo na Shakespeare analipenda sana kwa maana hii. Kwenye Richard III, tamthilia iliyochapishwa 1597, Richard anaongea na mwana wa mfalme, mtoto mwenye akili na maneno makubwa, alafu anageuka pembeni anasema ile "short summers lightly have a forward spring". Kiangazi kifupi kwa kawaida hutanguliwa na machipuo yaliyowahi. Ukiisikia kama habari ya hali ya hewa ni tamu, ila anaesema ni mtu anaepanga mtoto huyo asifike utu uzima. Neno forward hapo linamsifia mtoto na linamhukumu kwa pumzi moja. Ukitafsiri "machipuo mazuri" umemwokoa Richard, ukitafsiri "machipuo yaliyowahi mno" tishio linabaki.

Alafu kuna pale maana zote mbili zinakaa kwenye kiti kimoja. Soneti ya 99 ya Shakespeare (yenyewe ina mistari 15 badala ya 14, ndo pekee ya hivo kwenye mkusanyiko wa mwaka 1609) inaanza na mshairi kulikemea ua, "the forward violet thus did I chide". Ua la urujuani linachanua mapema, kwahiyo ni ua lililowahi. Ila analikemea, anaendelea kuliita mwizi, kwamba harufu yake limeiiba kwenye pumzi ya mpenzi wake. Kwahiyo ni ua lenye kujitia. Nimehangaika na huu mstari siku nyingi, nikaandika "ua lililowahi" nikaona kukemea kumekosa sababu, nikaandika "ua jeuri" nikaona msimu umepotea. Mwisho nikaandika "ua lenye kimbelembele", na ghafla yote yakaingia, kwasababu kimbelembele ni tabia lakini ndani yake bado unasikia mbele, kuwatangulia wengine. Siku kama hizo ndo unasema kazi hii ina malipo yake.

Hatua ya 5: likigusa muda, shuku Kiswahili chako mwenyewe

Mtego mbaya kuliko yote uko hapa na wengi wanaingia. Kiingereza kikisema harusi imekua "brought forward", maana yake imewahishwa, ilikua Juni sasa ni Aprili. Kiswahili tukisema harusi imesogezwa mbele, imeahirishwa! Ilikua Juni sasa ni Agosti! Maneno yaleyale, maana zimepeana mgongo. Na kwenye riwaya harusi ikiwahishwa kuna sababu, kuna mimba, kuna mtu anakufa, kuna jeshi linaondoka, sasa we ukiisogeza mbele umeua kisa kizima na sura inayofuata haitaeleweka. Andika imewahishwa. Kila ukiona forward karibu na tarehe, simama uchore mstari kwenye karatasi, weka leo hapa, weka siku ya tukio pale, angalia mshale unaenda wapi.

Upande mwingine, Kiswahili kinakusaidia sana kwenye soneti ya 60. Mshairi anafananisha dakika zetu na mawimbi yanayokimbilia ufukweni (na kaiweka kwenye namba 60, dakika 60 za saa, wasomi wengi wanaona hajaiweka pale kwa bahati). Anasema mawimbi "all forwards do contend", yote yanagombania kwenda mbele. Mbele ya wapi? Ufukweni, wanapovunjikia. Kwahiyo mbele ni kifo. Msomaji wa Kiingereza inabidi afikirie kidogo ndo afike hapo, ila sisi tunasema kila siku kwamba fulani ametutangulia mbele ya haki. Tumeshafika kabla ya mshairi. Ukitafsiri mstari ule tumia "kutangulia" mahali fulani, hata mara moja tu, msomaji atasikia msiba bila we kuutaja.

Hapo kuna na ufundi wa usimulizi, kuruka mbele kwenye kisa, msimulizi anatuambia yatakayotokea kabla hayajatokea. Mfano unaouma ni wa Muriel Spark, The Prime of Miss Jean Brodie, 1961. Kuna mwanafunzi anaitwa Mary Macgregor, mzito wa kuelewa, kila mtu anamlaumu kwa kila kitu, na mapema kabisa msimulizi anatupia kwamba huyu atakuja kufa kwenye moto wa hoteli akiwa na miaka 23, alafu anaendelea na darasa kama hajasema kitu. Baada ya hapo kila Mary anapofokewa unasikia vibaya. Msomaji kashajua, wahusika hawajui. Ukitafsiri sehemu kama hizo linda nyakati za vitenzi, ile "atakuja ku-" isigeuke "alikuja ku-" kwa bahati mbaya, na usiongeze maneno ya kulainisha kama "kwa masikitiko makubwa", ukavu wake ndo kisu.

H. G. Wells yeye aliifanya mbele kua mashine kabisa, The Time Machine ya 1895, msafiri anakaa kwenye kiti anasukuma wenzo anafika mwaka 802,701. Huko mbele hakuna maendeleo, kuna binadamu waliogawanyika jamii mbili na moja inaila nyingine. Edward Bellamy, Mmarekani, miaka michache kabla, 1888, alimlaza mtu usingizi mwaka 1887 akaamka 2000 na kukuta mambo safi, alafu kitabu akakiita Looking Backward, kuangalia nyuma. Stori inaenda mbele, jina linaangalia nyuma, maana aliesimama kule 2000 sisi wa sasa ndo nyuma yake. Mbele ya nani, unaona?

Hatua ya 6: uko melini? Kila kitu kinabadilika

Kwenye riwaya za bahari "he went forward" haina uhusiano na meli inakoelekea wala na maendeleo ya mtu, hata kama meli imetia nanga. Maana yake kaenda upande wa omo. Mabaharia wa Kiingereza hata walilitamka kwa kulimeza, unakuta limeandikwa "for'ard". Na sisi tunayo maneno yetu mazuri kabisa, omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma, yapo mpaka kwenye methali, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Yatumie! Naona watu wanaandika "sehemu ya mbele ya meli" mara 40 kwenye kitabu kimoja wakati omo ni herufi tatu.

Ila kuna jambo la kitabaka hapo ndani. Kwenye meli za matanga za wakati ule mabaharia wa kawaida walilala omo, nahodha na maofisa walikaa tezi. Kwahiyo mtu aliepelekwa "forward" kashushwa cheo, mbele ni kwa wanyonge. Herman Melville kwenye Moby-Dick ya 1851 anamfanya msimulizi wake ajivunie kwamba yeye akienda baharini anaenda kama baharia wa kawaida, huko mbele ya mlingoti, alafu anaongeza utani kwamba mkubwa wa tezi anadhani ndo anapumua hewa ya kwanza kumbe anapata ile iliyoshapita kwa mabaharia.

Hatua ya 7: angalia mwaka, na kama mwandishi kazeeka

Rudi kwa Tennyson, kwasababu ni yeye aliefanya kitu ambacho sijaona mwingine kakifanya wazi namna ile. Mwaka 1842 alichapisha shairi Locksley Hall, kijana kaumizwa na mapenzi ila anaamini dunia inaenda pazuri, sayansi, biashara, vyombo vinavyoruka angani, na karibu na mwisho anapiga kelele "forward, forward let us range", dunia na izunguke kwenye mifereji ya mabadiliko inayolia. Ile mifereji ina kichekesho chake. Tennyson alipanda treni ya kwanza ya Liverpool kwenda Manchester mwaka 1830, ilikua usiku na watu wamejazana, hakuona magurudumu, akadhani yanapita ndani ya mifereji badala ya juu ya reli. Akaandika hivo. Alama ya maendeleo ya karne nzima imejengwa juu ya kitu ambacho mshairi hakukiona vizuri gizani, na mi nampenda zaidi kwa hilo.

Alafu mwaka 1886, miaka 44 baadae, anaandika Locksley Hall Sixty Years After. Kijana ni mzee. Anaona watoto wa mjini wanaozea kwenye uchafu, anaona siasa za makelele. Na anasema, "let us hush this cry of 'Forward' till ten thousand years have gone", tuunyamazishe ukelele huu wa Mbele mpaka miaka elfu kumi ipite. Neno lilelile, kalifungia kwenye alama za kunukuu safari hii, kama mtu anaeshika kitu kwa vidole viwili.

Somo la vitendo: ukitafsiri yote mawili, neno ulilotumia la 1842 lazima ulirudie hilohilo la 1886. Ukiandika "twende mbele" kule na "maendeleo" huku, mzee anakua anabishana na mtu mwingine, sio na ujana wake.

Mambo ya karne iliyofuata nayapitia haraka. T. S. Eliot mwaka 1941, katikati ya vita, kwenye shairi lake The Dry Salvages anawaambia wasafiri "not fare well, but fare forward". Anavunja neno la kuagana la Kiingereza, "farewell", ambalo asili yake ni safiri salama, anaondoa usalama anabakisha safari. "Kwaheri" yetu ina heri ndani yake kwahiyo unaweza kufanya kitu kilekile, mi niliandika "sio kwa heri, wasafiri, kwa mbele", wengine hawaipendi, wanasema inakwaruza. Inatakiwa ikwaruze.

Hatua ya 8: usimchanganye na ndugu zake

Onward ni kuendelea na safari iliyoshaanza, haijali sana uso unaangalia wapi. Forth ni kutoka nje ya mahali, mlangoni, mafichoni, hata neno likitoka mdomoni, kwahiyo "went forth" mara nyingi ni "akatoka akaenda" na sio "akaenda mbele". Ahead ni mahali palipo mbele yako au aliekuzidi. Na "on" peke yake ni endelea, isiyo na ahadi ya kufika. Waandishi wakichagua mmoja wakaacha mwingine wana sababu, Tennyson alitumia onward kwa kwato na forward kwa amri.

Hatua ya 9: fanya mazoezi na kitabu kizima

Ingia Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, shusha riwaya moja ya Kiingereza iliyotoka kwenye hakimiliki, chukua ile ya maandishi matupu, fungua kwenye kompyuta alafu sachi "forward". Itakuletea na takataka, straightforward, henceforward, thenceforward, ziruke (usiziruke zile za "forwarded", hizo ni barua na zina utamu). Chora safu kwenye daftari: amri na mwendo, tabia, kuwahi, muda, barua, meli. Kila unapolikuta neno soma aya nzima, sio mstari tu, jiulize mbele ya nani, tia alama kwenye safu. Kwenye sura chache za mwanzo utaona mwandishi ana safu anayoipenda, na ile alama moja iliyoangukia safu ambayo haitumii kabisa, hiyo ndo ya kurudi kuisoma taratibu kwasababu mara nyingi kuna kitu kafanya kwa makusudi.

Sachi na "froward" pia kama kitabu ni cha zamani. Na ukifungua kitabu cha siku hizi ukakuta kurasa za mwanzo kuna kichwa kimeandikwa "Forward", alafu chini kuna mtu maarufu anamsifia mwandishi, hapo hamna fumbo lolote la kifasihi, walitaka kuandika "Foreword" wakateleza. Andika "Dibaji" upite.